Oleg Losev

Oleg Vladimirovich Losev (Tver, 10 Mei 1903 – Leningrad, 22 Januari 1942) alikuwa mwanafizikia na mvumbuzi kutoka Urusi. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza kuchunguza kwa kina nuru inayotolewa na fuwele inapopitishiwa umeme. Nuru hiyo ndiyo msingi wa taa za LED.

Maisha

Losev alipenda redio tangu utotoni. Baada ya kumaliza shule ya sekondari mwaka 1920 alikwenda Maabara ya Redio ya Nizhny Novgorod, akaanzia kazi ya tarishi. Hakuwa na elimu ya chuo kikuu. Mwaka 1922 aligundua kwamba fuwele ya zinkiti inaweza kukuza ishara za redio bila valvu.

Alipokuwa akipima fuwele za silikoni kabidi aliona zikitoa nuru hafifu. Mwingereza Henry Round alikuwa ameripoti jambo hilo mwaka 1907 kwa maelezo mafupi tu. Losev alitaka kujua chanzo chake. Aliweka tone la benzini juu ya fuwele, akaona kwamba halikukauka haraka zaidi nuru ilipotoka. Hivyo alitambua kwamba nuru hiyo haitokani na joto, tofauti na balbu ya waya. Alichapisha matokeo yake kuanzia mwaka 1927.

Mwaka 1938 alipewa shahada ya Kirusi ya kandidati wa sayansi, inayokaribia uzamivu, bila kutetea tasnifu, kwa kuzingatia kazi alizokwisha kuchapisha. Alifundisha fizikia katika chuo cha tiba mjini Leningrad, na huko alifariki kwa njaa wakati wa mzingiro wa jeshi la Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 38.

Urithi

Kazi yake ilisahaulika kwa miaka mingi. LED nyekundu ya Nick Holonyak ilitokea mwaka 1962. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa LED ya buluu, iliyowezesha taa nyeupe.

Kile alichokiona Losev, nuru isiyotokana na joto, ndicho kinachopunguza matumizi ya umeme nyumbani. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya waya ya wati 60. Zikiwashwa saa 5 kila siku kwa siku 30, ya kwanza hutumia uniti 1.35 na ya pili uniti 9.

LED moja nyeupe huhitaji takriban volti 3 za mkondo mnyoofu. Kwa hiyo balbu ya umeme wa gridi wa volti 230, kama ule wa Tanzania, huwa na saketi ndani yake ya kubadili na kudhibiti umeme huo. Kwa sababu ya mahitaji hayo madogo, paneli ndogo ya sola na betri vinatosha kuwasha taa za nyumba isiyo na umeme wa gridi, kama zilivyo nyingi vijijini Newala na Masasi.