Mwana wa Ngurumo: Kifo cha Lawrence na helmeti uliyoitundika kwenye kioo

Ukishuka feri pale Likoni asubuhi, hebu jaribu kitu kimoja: hesabu helmeti. Lakini hesabu zile zilizo kichwani tu. Zilizotundikwa kwenye kioo cha pikipiki na zile zilizovaliwa kiwikoni kama bangili, ziache. Fanya hivyo hivyo Bamburi, upande wa Kisauni, na Magongo kule Changamwe ambako bodaboda zinabanana na malori ya makontena. Majibu utajipa mwenyewe.

Sasa kaa nikupe kisa cha jamaa mmoja ambaye kifo chake kinakuhusu kila unapopanda nduthi, hata kama humjui.

Aliitwa Thomas Edward Lawrence. Dunia inamjua kama Lawrence wa Uarabuni, na ile filamu maarufu ya mwaka 1962 kumhusu inaanza na pikipiki. Alizaliwa Wales tarehe 16 Agosti 1888. Wazazi wake hawakuwa wameoana, na enzi hizo hiyo ilikuwa aibu ya kufichwa. Alisoma historia Oxford, kisha akaenda kuchimba mabaki ya kale Carchemish, pale mpaka wa Uturuki na Syria ulipo leo. Huko ndiko Kiarabu kilikomkolea.

Vita vilipozuka mwaka 1914, jeshi la Uingereza lilimweka Cairo kwenye kazi ya ujasusi. Mwaka 1916 likamtuma Hijaz kwa Waarabu waliokuwa wameasi utawala wa Waturuki. Akapanda ngamia nao, wakalipua reli pamoja, na Julai 1917 alikuwa kati ya walioteka bandari ya Aqaba.

Lakini usimpigie makofi haraka. Waarabu walipigana wakiamini watapata uhuru, kumbe Uingereza na Ufaransa zilishagawana ardhi yao kisirisiri. Lawrence alijua, na bado akaendelea kuwatia moyo wapigane. Jambo hilo lilimtafuna maisha yake yote. Nishani alizikataa. Mwaka 1922, akiwa tayari anajulikana dunia nzima, alijiunga na jeshi la angani kama askari wa cheo cha chini kabisa, tena kwa jina la uongo. Baadaye akabadilisha tena, akawa Shaw.

Raha aliyobaki nayo ilikuwa pikipiki. Alipenda aina moja tu, Brough Superior, iliyotengenezwa Nottingham. Alimiliki saba, na ya nane alikuwa ameshaiagiza. Alizipa jina la Boanerges, neno la kwenye Biblia lenye maana ya Wana wa Ngurumo. Ya mwisho ilikuwa SS100, injini ya karibu cc 1000, na kiwanda kilihakikisha kwamba inafika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Hapo linganisha na Boxer ya stejini kwenu.

Na usidhani kuziendesha zile kulikuwa kama siku hizi, unabonyeza kitufe inawaka, gia unaipiga kwa mguu. Kwanza, kiki ndiyo ilikuwa njia ya kuiwasha. Halafu kwenye usukani kulikuwa na kijiti cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Ukisahau kuuchelewesha kabla ya kupiga kiki, kiki inakurudia na kukuumiza mguu. Gia nayo ilikuwa mkononi, kijiti kando ya tangi. Yaani kila ukibadilisha gia unaachia usukani kwa mkono mmoja, huku barabara ni mbovu na nyuma hakuna springi za kukuokoa na mashimo. Pikipiki ya aina hiyo huiendeshi ukiwaza mambo mengine. Labda ndiyo sababu Lawrence aliipenda. Mtu mwenye mengi ya kusahau alipata kitu kilichomtaka akili yote.

Alitoka jeshini Februari 1935. Tarehe 13 Mei mwaka huo aliwasha Brough yake, akaenda kambi ya Bovington kupeleka telegramu. Safari fupi tu, kilomita mbili na ushei kutoka nyumbani kwake Clouds Hill. Akirudi, kwenye bonde dogo la barabara, akawakuta wavulana wawili wenye baiskeli. Akawakwepa, akarushwa, kichwa kikapiga chini. Hakuwa na helmeti. Alikaa siku sita bila fahamu, na tarehe 19 Mei akafariki akiwa na miaka 46.

Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimkaa rohoni. Alianza kuchunguza askari waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki na kuumia vichwa, na mwaka 1941, vita vya pili vikiendelea, akachapisha utafiti wake. Ulionyesha kuwa helmeti inaokoa maisha, na jeshi la Uingereza likawalazimisha askari hao kuivaa. Raia wa Uingereza walikuja kulazimishwa na sheria mwaka 1973, Cairns akiwa ameshafariki miaka 21 nyuma.

Lawrence alikuwa na udhuru. Siku zake karibu kila mtu aliendesha barabarani kichwa wazi. Mimi na wewe udhuru wetu ni upi?

Najua utaniambia nini. Joto la Mombasa. Helmeti ya abiria inanuka jasho la watu kumi wa jana. Nywele nimesuka juzi. Na ile kubwa kuliko zote: nafika hapo tu, Mtongwe si mbali. Hiyo ya jasho nakubaliana nawe, kwa hiyo beba leso yako ya kujifunga kichwani kwanza, au nunua helmeti yako mwenyewe. Na ukivaa, funga mkanda, maana isiyofungwa inaruka kabla yako.

Lakini ile ya nafika hapo tu, siikubali. Lawrence alivuka vita vya jangwani na akaendesha kwa kasi ya ajabu miaka mingi. Alikufia karibu na nyumbani, kwenye safari ya kutuma telegramu.

Kesho dereva akikupa helmeti, ivae. Asipokupa, muulize iko wapi.