Egas Moniz na dawa ya picha ya ubongo

Umempeleka mtoto kupigwa picha ya kichwa, ukaambiwa kwanza atachomwa dawa ya kontrasti ili picha isomeke vizuri. Kabla hofu haijakuingia, msomaji, mfahamu Egas Moniz wa Ureno.

Alizaliwa mwaka 1874 kijijini Avanca. Alikuwa mbunge, balozi na waziri wa mambo ya nje, kisha akaachana na siasa na kubaki na wagonjwa wake wa ubongo mjini Lisbon. Jongo lilikuwa limemharibu mikono, hivyo kazi ya mikono aliifanya msaidizi wake, Almeida Lima.

Eksirei huonyesha mfupa, lakini mishipa ya damu ndani ya ubongo haionekani. Moniz akatafuta dawa ya kuipa kivuli. Alianza na bromidi ya stronti, mgonjwa mmoja akafa. Akaiacha, akajaribu iodidi ya sodiamu, na Juni 28, 1927 akapata picha ya kijana mwenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari: mishipa ilionekana wazi, imesukumwa pembeni.

Mwaka 1931 akaanza kutumia Thorotrast, yaani chembe ndogo mno za thoriamu zilizovikwa dekstrini, aina ya wanga. Picha zilikuwa safi na mgonjwa hakusikia maumivu. Nani angekataa? Lakini thoriamu hutoa mionzi, na mwili hauwezi kuitoa. Ilikaa kwenye ini na wengu, na baadhi ya waliochomwa wakapata saratani ya ini baada ya miaka 20 na zaidi. Moniz alifariki 1955, akiwa na Tuzo ya Nobel ya 1949, aliyopewa kwa upasuaji wa ubongo ambao leo madaktari wameuacha.

Chembe zilizovikwa gamba hazikuachwa. Siku hizi wataalamu wa MRI hutengeneza za oksidi ya chuma, zikivikwa sukari au mafuta. Nazo hukimbilia ini, ila chuma mwili unakifahamu: hukivunja na kukitumia kutengeneza damu. Hata hivyo, dawa utakayokutana nayo zaidi kwenye MRI ni ya gadolini, ambayo sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana utaulizwa kuhusu figo. Mweleze daktari kama mtoto ana ugonjwa wa figo au mzio, uliza jina la dawa, na uliandike kwenye daftari lake la kliniki.