Mwalimu Nyerere, saratani ya damu na chembe zinazoziba jeraha

KILA ifikapo Oktoba 14 nchi yetu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tunazungumza juu ya uhuru, Azimio la Arusha na umoja. Mimi kama daktari hukumbuka pia jambo lisilotajwa sana: maradhi yaliyomwondoa yalikuwa ya damu. Maradhi ya damu nakutana nayo hata kwa wagonjwa kutoka Milola, hapa Lindi, ambao hudhani wamechoshwa tu na shamba la ufuta.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922 Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, na baadaye Edinburgh, Scotland, alikohitimu mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilizaliwa naye akiwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu ili apiganie uhuru. Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Maadui aliowatangazia vita walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali yake iliweka nguvu katika kupeleka zahanati vijijini, ili mama mwenye mtoto mgonjwa asilazimike kwenda mjini kwa kila homa.

Aling'atuka urais mwaka 1985, lakini hakukaa bure. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, akiwakutanisha mahasimu jijini Arusha. Mwaka 1998 madaktari walimgundua na saratani ya damu, ile aina sugu inayokwenda polepole na kuwapata zaidi wazee. Hakuacha kazi. Aliendelea na usuluhishi huku akitibiwa, hadi hali ilipombadilikia mwaka 1999.

Vipimo vyake ni siri ya mgonjwa, kama vilivyo vyako na vyangu. Ninachoweza kueleza ni jinsi ugonjwa huu unavyomwathiri mgonjwa yeyote.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Hapo ndipo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani, ambazo wataalamu huziita plateleti. Katika saratani aliyougua Mwalimu, aina moja ya chembe nyeupe huzaliana bila mpango. Ni kama magugu shambani: yakijaa, mazao hukosa nafasi. Chembe nyekundu zikipungua mgonjwa huchoka na kupauka. Chembe sahani zikipungua, damu hutoka ovyo.

Chembe sahani ni ndogo kuliko chembe zote za damu, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Ukijikata na panga, hukimbilia kwenye mshipa uliochanika, hunata hapo, hubadili umbo na kuziita nyingine, mpaka zinaziba tundu. Kisha damu hufuma nyuzi juu yake kama wavu, na kidonda hukauka. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu.

Zikifanya kazi mahali pasipofaa nazo ni hatari. Kwenye mshipa uliojaa mafuta zinaweza kuganda na kuleta shambulio la moyo au kiharusi. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa moyo huandikiwa aspirini kidogo kila siku, kwani hupunguza kunata kwake.

Si saratani pekee inayozipunguza. Malaria huzishusha mara nyingi, ingawa hupanda tena baada ya tiba. Homa ya dengi, VVU, maradhi ya ini na baadhi ya dawa nazo huzipunguza.

Namkumbuka mzee mmoja wa Milola aliyekuwa akiamka na mabaka meusi mikononi na mapajani. Majirani walimwambia ananyonywa damu usiku na wachawi. Miezi ikapita kwa waganga. Alipofika kwetu fizi zilikuwa zikivuja, na chembe sahani zake zilikuwa chini ya 20,000. Tulimpa rufaa siku ile ile na akapata tiba, lakini ile miezi hatukuweza kumrudishia.

Kwa hiyo, mzazi, mwangalie mwanao unapomwogesha. Wahi kituo cha afya ukiona vidoa vidogo vyekundu kama vichwa vya sindano visivyofifia ukivibonyeza, mabaka bila kuumia, damu ya pua au fizi isiyokoma, choo cheusi kama lami, au hedhi nzito kuliko kawaida. Kama kuna homa pia, usingoje asubuhi. Mwenye dalili hizi asipewe aspirini wala diklofenaki, na mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa. Omba kipimo cha picha kamili ya damu. Ni damu kidogo tu inayochukuliwa, na huonyesha chembe zote tatu.

Mwalimu alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London, akiwa na miaka 77, akazikwa kwao Butiama. Leo wagonjwa wengi wa saratani aliyougua huishi nayo miaka mingi ikifuatiliwa vizuri. Haiambukizi, na mgonjwa wake asitengwe.

Chembe sahani zilizochangwa hudumu siku 5 tu zikihifadhiwa, hivyo benki ya damu huhitaji wachangiaji wakati wote. Kama una afya njema, Oktoba 14 ni siku nzuri ya kumkumbuka Mwalimu kwa kuchangia chupa moja.