Nestorius: Ni Nani Aliyeteswa Msalabani?

Soma kwa ajili ya somo hili: Isaya 63:9, Yohana 1:1–14, Matendo 20:28, 1 Wakorintho 2:8, Wafilipi 2:5–11, Waebrania 2:14–18, 4:15, Yakobo 1:19, 20.

Wakristo wote wanakiri kwamba Yesu alikufa msalabani. Lakini aliyekufa pale alikuwa nani? Kama alikuwa mwanadamu tu, kifo chake chawezaje kuuokoa ulimwengu? Na kama alikuwa Mungu, yawezekanaje asiyeweza kufa akafa? Katika karne ya 5 maswali haya yaliligawa kanisa, na hakuna aliyelipa gharama kubwa kwa ajili yake kuliko Nestorius, askofu wa Konstantinopoli.

Mhubiri kutoka Antiokia

Nestorius alizaliwa mwishoni mwa karne ya 4 huko Germanicia, mji ulioko kusini mwa Uturuki ya leo. Akawa mtawa karibu na Antiokia, mji ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Matendo 11:26). Walimu wa Antiokia walitilia mkazo ubinadamu halisi wa Yesu: alikua, aliona njaa, alichoka, alijaribiwa, alilia. Nestorius alijifunza hayo, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri na ufasaha, sifa zake za kuhubiri zilienea mbali.

Mwaka 428 Kaisari Theodosius II alimwita awe askofu wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola. Askofu mpya alianza kwa ukali. Katika hotuba yake ya kwanza alimwomba Kaisari ampe nchi iliyosafishwa wazushi, naye angempa mbingu. Siku chache baadaye amri ilitoka kubomoa nyumba ya ibada ya Waario. Walipoona hawana njia, wenyewe waliichoma moto, na moto ule ukateketeza nyumba za jirani. Tangu siku hiyo hata baadhi ya watu wa upande wake walimwona kuwa mtu wa kuwasha moto.

Soma Yakobo 1:19, 20. Je, bidii kwa ajili ya kweli inaweza kumharibu mtu aliye nayo? Kwa namna gani?

Neno moja, hofu mbili

Waumini wengi walimwita Mariamu kwa neno la Kiyunani *Theotokos*, yaani aliyemzaa Mungu. Kasisi mmoja aliyekuja na Nestorius kutoka Antiokia, jina lake Anastasius, alihubiri kwamba neno hilo lisitumike, kwa sababu mwanadamu hawezi kumzaa Mungu. Watu walikasirika. Nestorius alimtetea kasisi wake, akapendekeza neno lingine: *Christotokos*, aliyemzaa Kristo.

Shabaha ya mabishano hayo haikuwa kumpa Mariamu cheo. Jambo lililobishaniwa lilikuwa mtoto aliyezaliwa naye. Wasomi wa siku zile, wakifuata mafundisho ya Kiyunani, waliamini kwamba Mungu hawezi kuguswa na maumivu wala badiliko lolote. Nestorius aliogopa kwamba kusema Mungu alizaliwa, alinyonya na akafa, ni kuushusha uungu uwe kama miungu ya wapagani. Aliogopa pia kwamba ubinadamu wa Yesu ungemezwa na uungu wake kama tone la maji baharini, na hapo tusingekuwa tena na kuhani mkuu aliyejaribiwa kama sisi (Waebrania 4:15).

Cyril, askofu wa Aleksandria, alikuwa na hofu nyingine. Naye alikubali kwamba uungu kwa asili yake haufi. Lakini alifundisha kwamba Neno wa Mungu aliutwaa mwili ukawa wake mwenyewe, hata maumivu ya mwili ule yakawa maumivu yake. Kama Neno alikaa tu ndani ya mwanadamu Yesu, kama mtu akaavyo ndani ya hekalu, basi aliyekufa Kalvari ni mtu mwema aliyekuwa karibu sana na Mungu, wala si Mwana wa Mungu mwenyewe. Paulo anasema aliyesulubiwa ni Bwana wa utukufu (1 Wakorintho 2:8).

Hapa ndipo penye udhaifu wa Nestorius. Alitenganisha kwa uangalifu mambo ya uungu na mambo ya ubinadamu, lakini alisitasita kumtazama mtoto wa horini na kusema huyu ni Mungu. Ilisimuliwa huko Efeso kwamba alikataa kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu. Yeye alidhani analinda heshima ya Mungu. Lakini Injili inatangaza kwamba Mungu hakusimama mbali na heshima yake. Alishuka (Wafilipi 2:5–8).

Soma Isaya 63:9 na Waebrania 2:14–18. Je, mafungu haya yanamwonyesha Mungu asiyeguswa na maumivu ya watu wake?

Mkutano wa Efeso

Kaisari aliitisha mkutano mkuu wa maaskofu huko Efeso mwaka 431. Maaskofu wa Mashariki, wakiongozwa na John wa Antiokia, walichelewa njiani. Cyril hakuwangoja. Tarehe 22 Juni alifungua kikao, na kabla siku haijaisha Nestorius, aliyekataa kufika mbele ya kikao hicho, alikuwa amevuliwa uaskofu. Siku chache baadaye John alifika, akafanya mkutano wake, akamwondoa Cyril. Kaisari kwanza alithibitisha kuondolewa kwa wote wawili. Lakini Cyril alirudi Aleksandria na kushika kiti chake, na zawadi za thamani zilipelekwa kwa wakuu wa ikulu ili kuwavuta upande wake.

Nestorius alirudi katika nyumba yake ya utawa. Mwaka 433 John wa Antiokia alipatana na Cyril, na sehemu ya mapatano hayo ilikuwa kumkana Nestorius. Halafu ikaja amri ya Kaisari kwamba vitabu vyake vichomwe. Mtu aliyetaka nchi isafishwe wazushi sasa alihesabiwa kuwa mzushi mkuu.

Jangwani

Alipelekwa uhamishoni, mwishowe katika Oasisi Kuu, jangwani katika Misri ya juu. Huko washambuliaji wa jangwani waliivamia oasisi na kumchukua mateka. Walipomwachia, maofisa wa serikali walimhamisha huku na huku akiwa mzee na mgonjwa.

Katika uhamisho huo aliandika kitabu cha kujitetea. Kwa karne nyingi kitabu hicho hakikujulikana nje ya Kanisa la Mashariki, waliokitunza katika lugha ya Kisiria. Kilipigwa chapa mwaka 1910, na tangu hapo wataalamu wengi wameona kwamba Nestorius hakufundisha Wana wawili kama alivyoshtakiwa, ingawa maneno yake hayakutosha kueleza umoja wa Kristo.

Kuelekea mwisho wa maisha yake alisoma waraka ambao Leo, askofu wa Rumi, aliuandika mwaka 449 kuhusu asili mbili za Kristo. Akaona ndani yake imani yake mwenyewe. Angeweza kupiga kelele kwamba alionewa. Badala yake alichagua kunyamaza, kwa kuwa jina lake lilichukiwa mno na lingeidhuru kweli ile. Aliandika kwamba yu radhi Nestorius alaaniwe, mradi Mungu ahubiriwe ipasavyo.

Alifariki karibu na mwaka 451, mwaka ambao mkutano wa Kalkedonia ulikiri Kristo mmoja, Mungu kweli na mwanadamu kweli, asili mbili zisizochanganywa wala kutenganishwa. Mkutano huohuo ulithibitisha hukumu dhidi yake.

Mtu aliyeshindwa kueleza vizuri jinsi Mwana wa Mungu alivyojishusha, mwishoni alijifunza kidogo jinsi ya kujishusha. Kristo alikuwa sawa na Mungu, naye akakubali kuhesabiwa pamoja na waasi. Aliyetundikwa pale hakuwa mjumbe wa Mungu tu. Mwana mwenyewe alibeba maumivu yetu katika mwili aliouchukua kuwa wake.

Maswali ya kujadili

1. Mtu aliyefiwa na mtoto anauliza Mungu yuko wapi. Kuna tofauti gani kati ya kumwambia kwamba Mungu alimtuma mtu ateseke, na kumwambia kwamba Mungu Mwana mwenyewe aliteseka?

2. Nestorius na Cyril kila mmoja alilinda sehemu ya kweli. Katika darasa lenu, mnawezaje kutambua jambo jema ambalo mpinzani anajaribu kulilinda, bila kuficha kosa lake?

3. Je, uko tayari jina lako lisahauliwe, au hata lilaumiwe, mradi Kristo ahubiriwe? Linganisha na Wafilipi 1:15–18.