Boyd Orr: Mshindi wa Nobel aliyewapima Wakikuyu bila kusubiri wajitolee

Mkulima wa Endarasha, katika Kaunti ya Nyeri, anayekama ng'ombe wake alfajiri na kupeleka maziwa sokoni huenda hajawahi kulisikia jina la John Boyd Orr. Hata hivyo, sehemu ya sifa za daktari huyo Mskoti, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1949, ilitokana na kupimwa kwa maelfu ya Wakikuyu na Wamaasai karne moja hivi iliyopita.

Boyd Orr alizaliwa Septemba 23, 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Uskoti. Kabla ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alifundisha kwa muda katika mtaa wa mabanda, ambako wanafunzi walifika darasani wakiwa na njaa. Hali hiyo ndiyo iliyomfanya aamini kwamba maradhi mengi ya maskini huanzia katika sahani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliongoza Taasisi ya Rowett mjini Aberdeen, iliyochunguza lishe ya mifugo na madhara ya malisho yenye upungufu wa madini. Muda si muda, swali alilouliza kuhusu ng'ombe na kondoo akaliuliza kuhusu wanadamu.

Nafasi ya kulijibu aliipata Kenya, iliyokuwa koloni la Uingereza. Katika miaka ya 1920, akishirikiana na Dkt John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni hilo, alilinganisha afya ya Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi vitamu na mikunde, na ya Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu. Baadhi ya wafungwa na watoto wa shule pia walibadilishiwa chakula ili matokeo yaonekane.

Ripoti yao, iliyochapishwa London mwaka 1931, ilisema kwamba mwanamume Mmaasai alimzidi Mkikuyu kwa inchi tano za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu zake zilikuwa zaidi kwa asilimia 50. Wakikuyu walisemekana kusumbuliwa na meno yaliyooza, upungufu wa damu, maradhi ya mapafu na vidonda. Wamaasai nao hawakusalimika, kwani walipatikana na matatizo ya choo na baridi yabisi.

Utafiti huo ulisifiwa sana, lakini ulikuwa na kasoro. Mwaka 1997, mwanahistoria Cynthia Brantley alionyesha kuwa watafiti hawakuzingatia vya kutosha madhara ya ukoloni kwa chakula cha Wakikuyu. Wanaume walikuwa wakifungiwa kipande shingoni na kutozwa kodi iliyowalazimu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, huku ardhi kubwa ya malisho ikiwa mikononi mwa wageni. Aidha, ripoti yenyewe ilikiri kuwa wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao, lakini kimo na nguvu za wanaume ndizo zilizovuma.

Kasoro nyingine ilihusu ridhaa. Enzi hizo hapakuwa na kanuni ya kimataifa iliyomtaka mtafiti kumweleza mtu anachotaka kumfanyia, wala kumpa uhuru wa kujiondoa. Raia aliyeitwa na serikali ya mkoloni hakuwa katika hali ya kukataa kwa urahisi. Mfungwa na mtoto wa shule walikuwa na uwezo mdogo zaidi.

Boyd Orr aliishi kuiona dunia ikibadilika. Mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg iliyowahukumu madaktari wa Kinazi ilitangaza kuwa hiari ya mhusika ni sharti la kwanza. Mwaka 1964, Chama cha Madaktari Duniani kikapitisha Azimio la Helsinki.

Kufikia wakati huo alikuwa amefanya mengi. Majaribio yake ya mwaka 1927 yalionyesha kuwa watoto wa shule wa Uskoti waliopewa maziwa walikua upesi zaidi. Mwaka 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Alijiuzulu mwaka 1948, mataifa makubwa yalipokataa mpango wake wa bodi ya chakula duniani. Fedha za Nobel alizitoa kwa mashirika ya amani.

Alifariki Juni 25, 1971 akiwa na umri wa miaka 90. Miaka minane baadaye, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilianza kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya Nyayo.

Leo, mtafiti anayetaka kuchukua damu ya mkazi wa Endarasha hana budi kupata idhini ya kamati ya maadili, kueleza faida na hatari kwa lugha inayoeleweka, na kukubali jibu la hapana. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumfanyia mtu utafiti wa ugonjwa huo bila ridhaa yake. Wakikuyu na Wamaasai waliosimama mbele ya mizani ya Gilks na Boyd Orr hawakuwa na kinga hiyo, na hakuna tuzo iliyowataja.