Maisha ya Daktari Charcot

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi. Kijana huyu alikuwa mkimya, mpenda kusoma na kuchora, naye akasomea udaktari.

Mwaka 1862 alipewa kazi kubwa katika hospitali ya Salpêtrière. Zamani palikuwa mahali pa baruti. Siku zile walikaa humo maelfu ya wanawake wazee, maskini na wagonjwa waliokwisha katiwa tamaa. Charcot hakuwakimbia. Yeye na rafiki yake Vulpian walipita kitanda kwa kitanda, wakaandika dalili za kila mmoja. Mgonjwa alipofariki, walichunguza ubongo na uti wa mgongo wake, wapate kujua kilichoharibika ndani.

Kwa njia hiyo, mwaka 1868 alieleza waziwazi maradhi ya sklerosisi ya mabaka. Mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme. Katika maradhi haya ganda hilo huharibika mahali mahali, yakabaki makovu. Mkono hutetemeka unapotaka kushika kitu, macho huchezacheza, maneno hutoka kipande kipande. Tena Charcot aliandika kwamba kumbukumbu hudhoofika na fikira huja polepole. Jambo hili la mwisho madaktari wengi waliomfuata hawakulijali kwa miaka mingi.

Leo vyombo vya kupiga picha za ubongo vimeonyesha kwamba aliona sawa. Tutoe mfano wa hapa kwetu. Mtu wa Cibitoke akienda mjini huvuka mto Ntahangwa. Daraja likivunjika, Cibitoke ipo na mji upo, lakini msafiri huzunguka mbali, na njia ya kuzungukia nayo hujaa watu. Ndivyo ulivyo ubongo. Sehemu zake hupelekeana habari. Njia zikiharibika, hutumia njia nyingine kwa muda, kisha hizo nazo hulemewa. Karibu nusu ya wagonjwa hupata taabu ya kukumbuka au ya kufikiri upesi. Na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, wakati wa masomo na kazi.

Mwaka 1882 Charcot alifanywa profesa wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Wageni wengi walikuja kumsikiliza, akiwamo Freud. Alikosea pia, hasa katika mafundisho yake juu ya histeria. Alifariki tarehe 16 Agosti 1893, bila kupata dawa ya sklerosisi. Hata leo dawa zilizopo huyapunguza nguvu maradhi haya, haziyaondoi.

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia shuleni hapa, mwenzetu aliyekuwa hodari akianza kusahau na kuchelewa kujibu, tusiharakishe kumwita mvivu. Tumtazame kwanza kwa makini, kama Charcot alivyowatazama wale waliosahauliwa na wote, kisha tumpeleke kwa daktari.