Simon Nkoli: Maisha Nje ya Kabati

Simon Tseko Nkoli alizaliwa Soweto, Afrika Kusini, tarehe 26 Novemba 1957, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshamiri. Sheria za pasi zilimwamulia Mwafrika hata mahali pa kulala. Akingali mtoto, Nkoli aliwafungia wazazi wake kabatini ili askari waliokuja kukagua pasi wasiwaone. Kabati hilo lilimkaa akilini kama taswira ya kila anayelazimika kujificha ndipo aachwe aishi.

Kabati la pili lilikuwa lake mwenyewe. Akiwa na umri wa takriban miaka 20, alimfichulia mamake kwamba aliwapenda wanaume wenzake. Mama alihangaika naye kwa waganga, akitafuta tiba ya kisichokuwa maradhi. Aidha, katika COSAS, chama cha wanafunzi alichokitumikia kama katibu huko Transvaal, wanachama walijadili iwapo alistahili kuendelea kuongoza. Wengi waliamua abaki.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1984, alipotiwa mbaroni kufuatia maandamano ya kupinga kodi za nyumba katika eneo la Vaal. Akawa miongoni mwa washtakiwa 22 wa kesi ya uhaini ya Delmas, ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Gerezani, aliwaambia wenzake ukweli. Baadhi walighadhabika, wakataka ashtakiwe kando. Baada ya mjadala mkali, walisimama kizimbani pamoja. Kwa upande mwingine, GASA, chama cha mashoga ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wazungu, hakikumtetea.

Nkoli aliachiliwa huru mwaka 1988, na mwaka uo huo akashiriki kuunda chama cha GLOW. Tarehe 13 Oktoba 1990, GLOW iliongoza maandamano jijini Johannesburg, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Wapo waliofunika nyuso zao kwa mifuko ya karatasi. Nkoli aliandamana uso wazi.

Uwazi huo ulimgharimu, lakini pia ulizaa matunda. Patrick Lekota, mshtakiwa mwenzake, alikiri baadaye kuwa haikuwezekana kumnyima haki mtu waliyeteseka naye. Katiba ya mwaka 1996 ikapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi.

Nkoli hakuficha hata virusi vya UKIMWI alivyokuwa navyo. Alifariki tarehe 30 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 41. Siku 10 baadaye, wanaharakati waliomwomboleza, akiwemo Zackie Achmat, walianzisha Treatment Action Campaign kudai dawa kwa wagonjwa wote. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nkoli hakuficha, na haki walizorithi waliomfuata ni uzao wake.